Kadi ya michoro
Kadi ya michoro (pia: kadi ya video) ni sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha na kuzipeleka kwenye skrini. Huchomekwa kwenye ubao mama, nayo ina prosesa na kumbukumbu yake. Katika kompyuta nyingi ndogo kazi hiyo hufanywa na prosesa kuu.

Hitilafu
Skrini ikiwa nyeusi ilhali kompyuta inawaka, si lazima kadi iwe imeharibika. Mara nyingi kebo imelegea, au imechomekwa kwenye tundu la ubao mama badala ya lile la kadi.

Maandishi yakiwa makubwa na hafifu baada ya kusakinisha upya mfumo wa uendeshaji, kwa kawaida draiva ya kadi bado haijawekwa. Katika Windows 10 na 11, kubonyeza pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B huanzisha draiva upya bila kufunga programu.

Mistari ya rangi inayoonekana hata kabla mfumo haujaanza haitokani na draiva. Kwanza hujaribiwa kebo na skrini nyingine. Mistari ikibaki, kadi yenyewe ndiyo hushukiwa.

Kompyuta ikizimika wakati wa michezo tu, chanzo huwa ama joto linaloletwa na vumbi kwenye feni, ama umeme usiotosha. Kabla ya kusafisha, kompyuta huzimwa na kuchomolewa kwenye umeme.