Usikariri, Fumbua: Kijapani cha Mkeka wa Aikido

Mwalimu wa aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani, anasimama katikati ya mkeka na kutamka maneno matatu: katatedori shihonage omote. Wanafunzi wanajipanga wawili wawili, mmoja anamshika mwenzake kifundo cha mkono, na mazoezi yanaanza. Anayetazama kwa mara ya kwanza anaweza kudhani amesikia dua au maneno ya siri. Kumbe ni maelekezo ya wazi, kama ya fundi seremala anayemwambia msaidizi wake ashike ubao wapi na augeuzie upande gani. Wapo wanaosema maneno hayo ya kigeni yafutwe, kila taifa lijifunze kwa lugha yake. Na wapo wanaoyatukuza kana kwamba kuyatafsiri ni kuyanajisi. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinayachukua maneno mazima mazima bila kuyafungua. Istilahi za aikido ni zana za kazi. Zibaki katika Kijapani, lakini asiruhusiwe mtu kuzikariri kama kasuku.

Tuanze na hayo matatu. Katika katatedori, kata ni upande mmoja wa vitu viwili vilivyo jozi, te ni mkono, na dori ni kushika. Basi umeshikwa mkono mmoja. Shiho ni pande nne na nage ni kutupa. Omote ni upande wa mbele. Sentensi nzima imekamilika: shambulio ni lipi, jibu ni lipi, na upite wapi. Anayerusha anaushika mkono uliomshika, anapiga hatua kupita mbele ya mwenzake, anauinua mkono ule juu ya kichwa, anageuka chini yake, kisha anaushusha nyuma ya bega la mwenzake kama anayekata kwa upanga. Mwalimu akibadilisha neno moja tu, akasema ura badala ya omote, njia inahamia nyuma. Ndiyo maana maneno machache yanafika mbali. Ukijua mashambulio sita, mbinu tano na pande mbili, umejifunza maneno kumi na matatu, lakini unaweza kuunda majina 60. Aliyekariri majina mazima atahitaji kukariri yote 60, na la 61 litamkwamisha.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Kijapani kina irabu zetu zilezile tano, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo neno kama kotegaeshi husomeka lilivyoandikwa. Hata mabadiliko ya sauti hayamshangazi. Kushika ni tori, lakini likiunganishwa nyuma ya neno jingine huwa dori; kurudisha ni kaeshi, lakini katika kotegaeshi, yaani kukirudisha kifundo cha mkono, huwa gaeshi. Anayesema ulimi na ndimi, au mti mrefu na njia ndefu, hatauliza kwa nini herufi imegeuka. Pa kuangalia ni pachache: sauti tsu isiyo ya kwetu, irabu ndefu zinazofichwa na maandishi ya kawaida ya herufi za Kilatini, na u ya mwisho inayomezwa, ndiyo maana onegaishimasu, neno la kuombana kabla ya mazoezi, husikika kama limekatika kwenye s.

Pingamizi la kwanza ni kwamba Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini kinapotosha. Ni kweli kinaweza kupotosha. Katadori ni kushikwa bega, katatedori ni kushikwa mkono mmoja, na kata peke yake ni mfululizo wa miondoko uliopangwa. Katika maandishi ya Kijapani hizo ni alama tatu tofauti. Katika herufi zetu ni kata, kata na kata. Lakini Mswahili naye anakata mkate, anaishi katika kata, anachota maji kwa kata na kujitwika mtungi juu ya kata, wala hachanganyikiwi. Neno hutambulika kwa majirani zake. Anayepotoka ni yule asiyejua kwamba kuna maneno matatu, na dawa yake ni kuyafumbua.

Pingamizi la pili ni kwamba Wajapani wenyewe hawakubaliani. Morihei Ueshiba, mwasisi wa aikido aliyezaliwa Tanabe mwaka 1883 na kufariki mwaka 1969, alijifunza Daito-ryu, mtindo wa mapigano uliotangulia aikido, kwa Sokaku Takeda, na mbinu ya kwanza ya kumdhibiti mtu hadi chini iliitwa ikkajo. Leo wengi huiita ikkyo, yaani fundisho la kwanza. Tawi la Yoshinkan lililoasisiwa na Gozo Shioda limeshikilia ikkajo, na katika tawi la Kenji Tomiki mbinu inayokaribiana nayo ni oshi taoshi, yaani kusukuma na kuangusha. Je, hilo halivunji hoja ya lugha moja ya mkeka? Halivunji. Wa Mombasa akisema tinda na wa Unguja akasema chinja, mbuzi ni yuleyule, na wote wawili wanajua wanazungumza Kiswahili. Tofauti za matawi ni lahaja. Zinamtatiza aliyekariri jina moja, lakini aliyezoea kufungua maneno atasikia oshi taoshi na kuelewa afanye nini.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la tafsiri: kwa nini tusiseme tu mtupo wa pande nne? Kwa kufafanua, tuseme, tena tuseme mara nyingi. Lakini tazama neno uke. Kwa Mswahili lina maana nyingine kabisa, nalo litamfanya atabasamu au ainamishe macho. Kama kuna neno linalostahili kutafsiriwa upesi, ni hili. Sasa litafsiri. Uke ndiye anayeanza kushambulia, kwa hiyo wa haraka atamwita mshambuliaji. Mwishowe huangushwa, kwa hiyo mwingine atamwita mshindwa. Kijapani hakisemi lolote kati ya hayo. Neno limetokana na ukeru, kupokea: uke ni mpokeaji. Kazi yake ni kuupokea mtupo kwa mwili wake na kuanguka bila kuumia, ustadi unaoitwa ukemi, kisha ainuke na kubadilishana zamu na mwenzake. Mshindwa hujifunza kukaza misuli ili asianguke. Mpokeaji hujifunza kuanguka vizuri. Anayefuta neno kabla ya kulifungua anaweza kuutupa mtaala pamoja nalo.

Wanaoyatukuza maneno haya nao wana la kujibu, hasa kuhusu ki, silabi ya katikati ya jina aikido, inayozungukwa na moshi mwingi wa ubani. Huko Japani neno hili liko jikoni na barabarani. Hali ya hewa ni tenki, umeme ni denki, ugonjwa ni byoki, na mtu mwenye afya na uchangamfu ni genki, neno linalotumika kujuliana hali. Omote na ura ni pande mbili za kitambaa, ule wa kuonekana na ule wa ndani. Onegaishimasu, ambalo wanafunzi huambiana wakiinamiana kabla ya kuanza, husemwa pia na anayeagiza kitu dukani. Ni naomba, basi. Minoru Mochizuki alipoipeleka aikido Ufaransa mwaka 1951, na Koichi Tohei alipoifikisha Hawaii mwaka 1953, walisafiri na maneno ya kila siku. Ugeni ndio uliowafanya wasikilizaji wayasikie kama mafumbo.

Kipimo cha hoja hii ni rahisi. Mpe mwanafunzi jina ambalo hajawahi kulisikia: ushiro ryotedori kotegaeshi. Aliyekariri atasimama akisubiri kuonyeshwa. Aliyefundishwa kufumbua atajua kwamba ushiro ni nyuma na ryote ni mikono yote miwili, na kabla mwalimu hajaonyesha lolote, atakuwa ameshampa mwenzake mgongo.