Simu Ikilia Nawe Humjui Apigaye

Siku hizi mkulima wa Isiolo hawezi kufanya kazi bila simu ya mkononi, kama vile asivyoweza kufanya kazi bila jembe. Mwenye vitunguu kule Rapsu hupigiwa na mnunuzi wa Meru au wa Nairobi kabla lori halijafika. Mwenye nyanya Gafarsa au Malka Daka huuliza bei kwa simu, na mwenye mbuzi wa kuuza katika soko la Oldonyiro au la Merti mara nyingi hulipwa kwa simu, maana watu hawapendi tena kusafiri mwendo mrefu na noti mfukoni. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007 mambo yamezidi kuwa hivyo, wala hapana mkulima atakaye kurudi nyuma.

Lakini njia apitayo mnunuzi ndiyo apitayo mwizi. Na nyuma ya mwizi hufuata mtu wa kero: mwenye kukutangazia kamari, mikopo na zawadi usizoziomba. Watu hawa wawili si wamoja, na dawa zao si moja. Yafaa tuanze na mwizi, kwa kuwa ndiye awezaye kukuondolea mavuno ya msimu mzima kwa dakika tano.

Wakulima wengi hutuuliza hapa ofisini: "Je, nisishike kabisa simu ya mtu nisiyemjua?" Shauri hilo hutolewa sana mijini, na labda lamfaa mtu wa mshahara. Halimfai mkulima. Mnunuzi mpya ni mtu usiyemjua. Dereva wa lori, karani wa chama cha ushirika, afisa wa mifugo aliyehamishiwa kwenu juzi, mwalimu mpya wa mtoto wako, wote hawa watapiga kwa nambari usizozijua. Ukiwakataa wote, vitunguu vitakuozea ghalani.

Basi shika simu. Lakini usipoteze wakati kujiuliza, "Ni nani huyu?" kwa maana mtu yeyote aweza kutaja jina lolote. Jiulize hivi: "Anataka nifanye nini sasa hivi?" Akiwa ataka kujua bei, idadi ya magunia, au njia ya kufika shambani, zungumza naye. Akiwa ataka utume fedha, au ubonyeze nambari fulani, au umtajie nambari ya siri, au umsomee nambari iliyoingia sasa hivi kwa ujumbe, tena ufanye hayo yeye akiwa bado anakusubiri, kata simu. Usibishane naye wala usimtukane, kwa kuwa kubishana ni kumpa nafasi. Ukisha kukata, piga wewe, kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, umwulize mwenyewe kama ndiye aliyekupigia.

Usitishike kwa kuwa amekutaja kwa jina lako kamili. M-Pesa yenyewe huonyesha jina la mtu anayetumiwa fedha. Tena mahali ambapo wakala bado anaandika katika daftari, jina lako, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu hukaa wazi mezani, na kila ajaye nyuma yako aweza kusoma. Hata mlangoni mwa majengo ya mjini askari huandika hivyo hivyo. Kulijua jina lako si ushahidi wa kitu chochote.

HILA WANAZOTUMIA

Tuseme umeuza vitunguu, na fedha zimekwisha ingia. Jioni waja ujumbe kwamba umepokea shilingi 3,500 nyingine kutoka kwa mtu fulani. Punde simu yalia, na sauti ya unyonge yasema, "Mzee wangu, nimekosea nambari, hizo ni fedha za hospitali, nirudishie tafadhali." Watu wa kwetu wana huruma, naye aijua huruma hiyo kama uijuavyo ardhi yako. Angalia kwanza ujumbe umetoka wapi. Ujumbe wa kweli huandikwa MPESA mahali pa jina la mtumaji. Wa uongo mara nyingi hutoka katika nambari ya kawaida ya mtu. Kisha uliza salio lako. Salio ndilo la kuaminiwa.

Na kama fedha zimeingia kweli kwa makosa? Hata hapo usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aupeleke ule ujumbe wake wa M-Pesa kwenye nambari 456, na kampuni ya simu itazirudisha. Sababu ni hii: ukimtumia wewe, naye akaomba kampuni imrudishie, waweza kulipa mara mbili.

Kuna ujumbe mwingine ambao hapana mtu katika Kenya asiyeupata: "Ile pesa tuma kwa nambari hii." Wengi huucheka. Mwenye kuutuma hakujui, amewatumia maelfu ya watu kwa siku moja kama avuaye kwa wavu. Lakini kati ya hao maelfu hakosekani mmoja ambaye leo hii ana deni la fundi wa pampu au la mwenye trekta, naye hudhani ndiye huyo aliyeandika. Kumbuka, mtu unayemdai au anayekudai ana sauti. Mpigie uisikie.

Shule zinapofunguliwa huja simu ya "mwalimu". Mtoto ameanguka, amepelekwa hospitali, daktari ataka fedha kabla ya kumgusa. Hila hii ni mbaya kuliko zote, kwa sababu mzazi akisikia hivyo hawezi kufikiri. Kwa hiyo fikiri mapema. Mtoto anapokwenda shule, andika nambari ya mwalimu mkuu na ya mlezi wa bweni mahali ambapo wewe na mama wa nyumbani mtaiona. Simu hiyo ikija, kata, piga shuleni. Mara nyingi mtoto yumo darasani.

Mwingine husema ni mtu wa kampuni ya simu, na kwamba laini yako itafungwa leo. Wezi hupenda kupanda katika msimu. Mwaka 2022, serikali ilipotaka laini zote ziandikishwe upya, na siku ya mwisho ikasogezwa kutoka tarehe 15 Aprili hadi tarehe 15 Oktoba, jambo lilikuwa la kweli, na kwa hiyo uongo wao ukaaminika. Jua kwamba Safaricom imewatangazia wateja wake kuwa huwapigia kwa nambari moja tu, 0722 000 000. Tena hapana kampuni yoyote inayokuuliza nambari yako ya siri. Akikuambia ubonyeze nyota na alama za reli, usibonyeze. Ziko nambari ambazo ukizibonyeza simu zako zitakwenda kwake badala ya kuja kwako, na ziko nyingine zitakazokuzuia kupiga nje, ili utakapotaka kuita msaada ushindwe. Ikiwa umekwisha bonyeza, piga ##002# kuondoa uelekezaji huo, kisha azima simu ya jirani uiite kampuni.

Walio na laini ya Safaricom wanaweza kupiga *100*100#, na hapo mtu mwingine hataweza kubadilisha laini yao kwa wakala wa kichochoroni. Lazima mwenyewe afike katika duka la kampuni. Pia piga *106# uone ni laini ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, usiilalie.

Labda wasema, "Mimi sina kitu katika simu, ataiba nini?" Hapa ndipo wakulima wengi hukosea. Tangu M-Shwari ilipoletwa mwaka 2012, na Fuliza mwaka 2019, na Hustler Fund tarehe 30 Novemba 2022, simu imekuwa na mlango wa mkopo. Mwizi aliye na nambari yako ya siri hachukui ulichonacho tu. Hukopa kwa jina lako. Utakuja kujua siku utakapouza mavuno, fedha ziingie na papo hapo zikatwe kulipa deni usilolila, na wewe ulizitegemea kununua mbegu.

Kuna hila zinazotulenga sisi wa kilimo hasa. Septemba 2022 mbolea ya ruzuku iliuzwa shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, na Agosti 2023 bei ikashushwa hadi 2,500. Wakulima walioandikishwa hupata habari zao kwa ujumbe wa simu. Mwizi aijua habari hii. Atakuambia utume shilingi 200 au 300 "za usajili" ili jina lako liingizwe. Kuandikishwa huko kulikuwa bure. Hali kadhalika wakati wa ukame, wengine husema wana msaada wa chakula au fidia ya bima ya ng'ombe waliokufa, ila kwanza utoe kidogo. Yeyote akutakaye utoe ili upewe, mpeleke kwa chifu au uje naye katika ofisi ya kilimo. Hatakuja.

La mwisho ni simu iliayo mara moja ikakatika, nayo haianzi na 254. Mtu huyo anataka umpigie wewe, kwa gharama kubwa ambayo sehemu yake humwendea. Usimpigie. Najua familia nyingi hapa zina binti au ndugu afanyaye kazi Saudia, Katari au Imarati, nao huona nambari ya ng'ambo wakashtuka. Saudia ni 966, Katari 974, Imarati 971. Ndugu wa kweli atapiga tena, au ataandika.

Msidhani kuwa wezi hawa ni wajinga. Hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, nao hujifunza kama sisi tujifunzavyo kupanda. Wapelelezi wa DCI wamewakamata vijana wengi katika eneo la Mulot, na simu zimekutwa hata ndani ya vyumba vya gereza la Kamiti.

MTU WA KERO

Sasa huyu wa matangazo. Yeye haibi, lakini hukuondoa shambani, ukafuta mikono, ukakimbilia simu, kumbe ni bahati nasibu. Sheria iko upande wako. Kanuni za kuwalinda wateja za mwaka 2010 zinakataza kumpelekea mtu matangazo asiyoyataka, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kukataa nambari yako isitumiwe kwa biashara. Basi mwulize: "Umeipata wapi nambari yangu? Iondoe." Sema mara moja, kwa adabu, uandike siku na saa. Kwa jumbe za matangazo, walio na Safaricom wapige *456*9*5# na kuchagua kuzizima.

Mwenye simu kubwa anaweza kuizuia nambari isilie tena. Yuko pia atumiaye Truecaller kuonyesha jina la apigaye, lakini majina hayo hutoka kwa watu wengine na yaweza kuwa ya uongo, kwa hiyo yasikupe imani kupita kiasi. Mwenye simu ndogo ya tochi, na hao ndio wengi wetu, aihifadhi nambari hiyo kwa jina MWIZI, na nyingine MWIZI 2. Si bure simu hiyo iliitwa mulika mwizi.

Kero nyingine ni ya deni la mtu mwingine. Mpwa wako amekopa kwa programu ya simu, nayo ikachukua majina yote aliyohifadhi, na sasa wakupigia wewe usiku na mchana kwa vitisho. Deni hilo si lako. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya mikopo iitwayo Mulla Pride kwa kuwasumbua watu kwa jambo la namna hii hii. Malalamiko kwa Kamishna hayana ada, na sheria yataka yamalizwe katika siku 90. Ukitaka kuandika, leta nambari zilizokupigia pamoja na jumbe zenyewe, usizifute. Mwenye kujua kusoma atakusaidia kujaza.

UKISHA KUTUMA

Ikiwa fedha zimekwisha kwenda, usikae chini kulia. Mwizi ataka dakika chache tu kuzitoa kwa wakala. Peleke ule ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 hapo hapo, kisha andika nambari ya mwizi uipeleke 333. Nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB, au piga 0800 722 203 kwa wapelelezi, simu hiyo hailipishwi. Na uwaambie wenzako mfereji unapofunguliwa asubuhi. Wengi huona haya kusema, na kwa sababu hiyo siku ya tatu jirani yake huibiwa kwa maneno yale yale.

Neno moja juu ya wazee wetu wasiosoma. Wengi humpa wakala simu pamoja na nambari ya siri, amalize kazi. Acheni jambo hilo. Mzee achague mtoto mmoja wa nyumbani, mmoja tu, amfungulie simu na kumsomea jumbe zote, na apelekwapo kwa wakala aende naye. Kama nambari ya siri imekwisha julikana na watu wengi, ibadilisheni leo kabla ya jua kuchwa. Kubadilisha hakuna malipo, na ujumbe wa 333 pia ni bure.