Lori la Fulani, Mzigo wa Fulani, Dereva wa Nani?

Kreti za soda, mifuko ya saruji na unga zinazotoka maghala ya Mwanza kwenda Magu, Sengerema na Geita mara nyingi hazibebwi na magari ya mwenye mali. Kazi hupewa mkandarasi wa usafirishaji mwenye fuso tatu au kumi, naye akizidiwa hukodi magari ya wengine. Mwishoni kabisa wako dereva na tandiboi wake, wanaolipwa kwa tripu na kupewa posho ya safari mkononi. Gari likilala gereji, hawana kitu. Dereva huyo anaweza kuvaa fulana yenye nembo ya kiwanda, lakini kiwanda kitasema ni mtu wa mkandarasi, na mkandarasi atasema ni deiwaka tu.

Sheria haikubaliani na jibu hilo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba uandikwe vipi, endapo kigezo kimoja tu kimetimia. Vigezo vyenyewe ni vya kawaida: anaelekezwa jinsi ya kufanya kazi, anapangiwa saa, amepewa vifaa vya kazi, kipato chake kinamtegemea anayemfanyia kazi, au amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Dereva wa masafa anaweza kuzimaliza saa hizo ndani ya wiki moja.

Wengi hukata tamaa kwa kuwa hawana karatasi. Wasikate. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inasema shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba wa maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Ndiyo maana nasisitiza: meseji za malipo na nakala za hati za mizigo zitunzwe.

Kudai mmojammoja, hata hivyo, hakufiki mbali. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, mikataba ya ajira ikiwa miongoni mwa madai yao makuu, na serikali ikakaa nao mezani. Mgomo ulisikika. Lakini makubaliano yanahitaji wa kuyasimamia kila siku, gereji kwa gereji, na hiyo ni kazi ya chama. Wafanyakazi 20 wakikutana wanaweza kuanzisha chama na kuomba usajili, ingawa kujiunga na kilichopo, kama COTWU(T) cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, hufupisha njia.

Hapa pana mtego ambao haujadiliwi vya kutosha. Aprili 2023, huko Palmdale, California, madereva 84 wa mkandarasi aliyekuwa akisambaza vifurushi vya Amazon walijiunga na chama cha Teamsters, na mkandarasi akakitambua. Amazon ikasema hao si wafanyakazi wake, na mkataba wa mkandarasi ukakoma mwaka huohuo. Chama kinachosimama juu ya mkandarasi mmoja kinaweza kuanguka naye.

Sheria yetu imeacha mlango ambao madereva wa Mwanza wanapaswa kuuingia. Kundi linalowakilishwa katika majadiliano linaweza kuwa la wafanyakazi wa waajiri zaidi ya mmoja. Kwa maoni yangu, madereva wa wakandarasi wote wanaopakia kwenye geti moja wajiorodheshe pamoja, fuso na kirikuu, mwenye miaka kumi na aliyeanza jana. Mkandarasi akibadilishwa, wanaobaki bado ni chama. Tena wakandarasi wenyewe hawatakuwa na sababu ya kushindana kwa kumpunguzia dereva malipo ya tripu.

Yapo mengi ya kujadili. Daraja la Kigongo–Busisi, katika njia ya kwenda Sengerema na Geita, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na saa ambazo malori yalizipoteza kusubiri kivuko zimeokolewa. Zimeokolewa kwa faida ya nani? Tajiri akiongeza tripu ya pili siku hiyohiyo kwa posho ileile, dereva ameongezewa usingizi barabarani tu. Sheria inaweka kikomo cha saa 12 kwa siku, za ziada zikiwamo, na anayelipwa kwa tripu hana ubavu wa kukidai peke yake.

Chama kikipata zaidi ya nusu ya madereva wa kundi hilo, kina haki ya kutambuliwa. Kinawapelekea waajiri notisi, nao wanatakiwa kukutana nacho ndani ya siku 30. Wasipokubaliana, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na likishindikana huko, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ndiyo inayoamua.