RABA HUOZA HATA ZISIPOVALIWA

Mtu hununua raba za mitumba mnadani. Raba ni safi. Soli haijalika, kamba ni nyeupe. Anazivaa kwenda harusini. Njiani soli inaanza kumeguka kama mkate mkavu. Fedha zimepotea, na muuzaji amekwisha hamia mnada mwingine. Je, kiatu kisicholika huharibikaje?

Tazama raba kwa ubavuni. Chini kabisa pana mpira mgumu unaogusa ardhi. Juu yake pana sponji nene. Sponji hiyo ndiyo inayofanya kiatu kiwe laini mguuni. Katika baadhi ya raba sponji hiyo ni ya poliyuretani. Otto Bayer na wenzake waligundua poliyuretani huko Ujerumani mwaka 1937. Ni nyepesi, tena hudunda vizuri. Lakini ina adui, naye ni unyevu.

Hewa ina maji, ingawa hatuyaoni. Maji hayo huingia katika sponji kidogo kidogo. Sponji imeundwa kwa chembe ndogo sana zilizoshikana kama minyororo mirefu. Maji huikata minyororo hiyo. Joto huharakisha kazi, kwa hiyo pwani mambo huenda mbio zaidi. Miaka inapopita sponji hunata, kisha hupasuka, mwisho huwa unga.

Kukaa sandukuni hakuiponyi. Huko Marekani wako watu wanaokusanya raba za zamani kwa fedha nyingi. Raba za Air Jordan 4 zilitoka mwaka 1989. Wengine waliziweka bila kuzivaa hata siku moja. Leo wakizivaa, soli humeguka katika hatua za kwanza.

Raba za turubai zenye soli ya mpira mtupu hazina ugonjwa huo. Mpira huharibiwa zaidi na jua na hewa. Hukauka na kupasuka. Mpira wa tairi huchanganywa na masizi, nayo huukinga na jua. Wanaocheka katambuga wafikiri tena!

Basi ukiwa mnadani, usidanganywe na usafi. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Sponji nzima hurudi mahali pake. Iliyooza hubaki na shimo, au hunata, au hutoa unga. Kisha kunja kiatu, utafute nyufa. Muuzaji akikukataza kukikunja, mrudishie kiatu chake.

Gundi haisaidii hapa, maana itashika sponji iliyokwisha oza. Fundi viatu anaweza kutoa soli yote na kushona nyingine, kama sehemu ya juu ina nguvu. Ulizia kwanza bei yake.

Raba ulizo nazo, zikilowa, zikaushe kivulini penye upepo. Usizianike juani wala karibu na jiko. Usizifunge katika mfuko wa plastiki zikiwa na unyevu.