Lebo ya virutubisho: Ngao yenye mipaka kwa mtengenezaji

WANUNUZI wengi wa vidonge vya vitamini kutoka Marekani hutazama jina na bei, kisha huiweka chupa mfukoni. Ni wachache wanaosoma maandishi madogo ya upande wa nyuma, ambako aghalabu huandikwa kwamba madai ya bidhaa hiyo hayajatathminiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, na kwamba haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote.

Maneno hayo hayakuandikwa kwa hisani. Yanatokana na sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mnamo Oktoba 25, 1994, baada ya kupiganiwa na Maseneta Orrin Hatch na Tom Harkin. Sheria hiyo iliviweka virutubisho vya ziada katika kundi la vyakula, si la dawa. Kwa hivyo mtengenezaji halazimiki kuithibitishia FDA kwamba vidonge vyake vinafanya kazi kabla ya kuviuza. Serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba vina madhara.

Badala yake, anabanwa na lebo. Tangu Machi 1999, kila chupa sharti iwe na jedwali linaloonyesha kipimo cha kumeza na kiasi cha kila kirutubisho. Hapa ndipo penye hesabu ngumu. Iwapo lebo inasema kidonge kina miligramu 500 za vitamini C iliyoongezwa kiwandani, maabara isikute pungufu ya 500. Ikiwa vitamini hiyo imo kiasili katika tunda lililotumiwa, inaruhusiwa kupungua hadi asilimia 80, yaani miligramu 400. Sukari, mafuta na sodiamu, kinyume chake, havipaswi kuzidi kiwango kilichotajwa kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa kuwa vitamini hufifia kadiri siku zinavyopita, hasa kwenye joto, viwanda huongeza kiasi kidogo zaidi ya kilichoandikwa ili hesabu isikosee hata karibu na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Maneno nayo yana mipaka. Kusema kwamba madini ya kalisi husaidia kuimarisha mifupa kunaruhusiwa, mradi mtengenezaji aiarifu FDA kabla ya siku 30 kupita tangu aanze kuuza. Akiandika kwamba yanatibu ugonjwa wa mifupa, bidhaa hiyo hugeuka dawa isiyoidhinishwa machoni pa sheria.

Anayefuata masharti haya hupata kinga ya kweli. Sheria ya lebo ya mwaka 1990 inazizuia serikali za majimbo kudai lebo tofauti na ile iliyowekwa na serikali kuu. Mlalamishi anayeshtaki kwa sheria ya jimbo, akitaka chupa iandikwe jambo ambalo serikali kuu haikuliagiza, anaweza kukuta kesi yake imetupwa mapema.

Lakini kinga hiyo haimfuniki mtengenezaji aliyeficha hatari. Mfano ni mmea wa efedra, uliouzwa kwa wingi kama kipunguza uzani. Mnamo Februari 2003 mchezaji wa besiboli Steve Bechler, aliyekuwa na umri wa miaka 23, alifariki baada ya kuzidiwa na joto mazoezini, na efedra ikatajwa kuwa miongoni mwa sababu. FDA iliipiga marufuku mwaka 2004. Kampuni ya Metabolife, iliyokuwa imedai haijapokea malalamishi ya madhara makubwa, ilitoa rekodi zaidi ya 14,000 za wateja mwaka 2002. Ilifilisika mwaka 2005 ikiandamwa na kesi, na mwanzilishi wake, Michael Ellis, akahukumiwa kifungo cha miezi sita mwaka 2008 kwa kuidanganya FDA.

Kutokana na masaibu hayo, sheria ya mwaka 2006 iliagiza ripoti za madhara makubwa ziwasilishwe katika siku 15 za kazi, na rekodi zihifadhiwe miaka sita. Bunge la Marekani lilikuwa na busara ya kuongeza kwamba kuripoti hakuhesabiwi kuwa kukiri kosa. Bila kipengele hicho, mawakili wa kampuni wangewashauri wateja wao wanyamaze. Sheria hiyo pia inataka lebo iwe na anwani au nambari ya simu iliyoko Marekani ya kupokelea malalamishi.

Kwa mnunuzi wa Kenya, simu ya ng'ambo ni msaada hafifu. Hata hivyo, Kifungu 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa, pamoja na fidia kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro zake. Anayedhurika na ahifadhi chupa yenyewe, ikiwa na nambari ya shehena, pamoja na risiti ya duka. Bila hivyo ni vigumu kuthibitisha kidonge kilitoka kwa nani.