Je, Wajua? Nyumba za Laini

Je, wajua kwamba Kenya ilikuwa na sheria ya kufunga nyumba isiyofaa kukaliwa na binadamu kabla ya makampuni makubwa ya chai kuingia Kericho? Sheria ya Afya ya Umma ni ya 1921. Brooke Bond na wenzake walianza kupanda katikati ya miaka ya 1920.

Wajua nyumba za wachumaji zinaitwaje? Laini. Ukiziona zilivyojipanga safu kwa safu katikati ya majani chai, hutauliza kwa nini.

Na kwa nini vyumba ni vidogo hivyo? Enzi za mkoloni mshahara ulipigiwa hesabu ya kapera. Mke na watoto walichukuliwa kuwa wamebaki nyumbani, wanajilimia chakula chao. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba mshahara huo haumtoshi mtu mwenye familia, ikataka hesabu ibadilishwe. Kuta hazisomi ripoti.

Kwa Sheria hiyo ya Afya ya Umma, nyumba mbovu si ile yenye ufa tu. Uchafu, wadudu, msongamano, giza na hewa isiyopita, yote yanatosha. Afisa wa afya ya umma hutoa notisi. Mwenye nyumba akiipuuza, anashtakiwa, na hakimu anaweza kuifunga nyumba hadi irekebishwe.

Msongamano ni watu wangapi? Kwa UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, Nairobi, wakizidi watatu chumba kimoja, wamebanana. Baba, mama na watoto wawili tayari wamevuka.

Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na inajulikana kwa mvua ya mawe. Chini ya mabati yasiyo na dari, mawe yakianza, gumzo linakatika. Baridi nayo inaleta jiko ndani. Hapo unachagua: utetemeke au ukohoe.

Kifungu 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa au pesa za kutosha kodi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya makao ya kutosha na usafi wa kuridhisha.

Hili wengi hulishangaa: mwaka 1961 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba kwa kawaida si vizuri mwajiri awe ndiye mwenye nyumba, isipokuwa pale hali inapolazimisha, kama vile kazi ikiwa mbali na makazi ya watu. Sababu si ngumu kuiona. Chumba cha laini kinafuata kazi; kazi ikiisha, unafunga virago. Mei 2023, mashine za kuchuma majani chai zilipochomwa Kericho, hasira ilikuwa ya ajira, lakini kwa mkazi wa laini ajira na paa ni kitu kimoja.

Basi nani atamwita afisa wa afya? Hata mjini watu hung'ang'ania chumba kibovu: huko Huruma, Nairobi, jengo lililoporomoka tarehe 29 Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 40 lilikuwa limeshaamriwa libomolewe. Wapangaji walikuwa bado ndani.

Kwenye chai, tangu 2013 afisa wa afya ni mfanyakazi wa kaunti, Kericho au Bomet, na sheria inamruhusu kuingia na kukagua. Lakini chumba kikifungwa saa kumi jioni, saa kumi na mbili mvua inamnyeshea aliyetolewa.