Daktari Akisema "Hatua ya Tatu", Anamaanisha Nini?

Ndugu zetu, kuna swali tunaloulizwa tukiwasindikiza wagonjwa hospitali: "Dar es Salaam mama aliambiwa saratani ya shingo ya kizazi iko hatua ya pili. Hapa Olaya wanasema ya tatu. Imekua, au kule walikosea?" Huenda si hili wala lile.

Hatua huonyesha saratani imeenea hadi wapi mwilini. Haihesabu siku za kuishi. Mfumo wa TNM, unaotumika kwa saratani nyingi, ulianzishwa na daktari Mfaransa Pierre Denoix kati ya 1943 na 1952. T ni uvimbe wenyewe, N ni tezi za jirani, M ni kufika viungo vya mbali. Wataalamu hulinganisha kumbukumbu za wagonjwa wa nchi mbalimbali, kisha hurekebisha kanuni, ili daktari wa Nairobi na wa Riyadh waelewane.

Kwa shingo ya kizazi hutumika zaidi kanuni za FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake. Kwa miaka mingi hatua ilipangwa hasa kwa daktari kumpima mama kwa mikono, kwani wagonjwa wengi wako katika nchi zenye mashine chache. Mwaka 2018 kanuni zilibadilika: picha kama MRI na majibu ya maabara navyo vinahesabiwa, na saratani ikionekana kwenye tezi za nyonga huandikwa hatua ya tatu. Hivyo mama yuleyule, na uvimbe uleule, anaweza kupewa ya pili kwa mikono na ya tatu kwa picha.

Lakini muda mrefu ukipita bila tiba, ugonjwa huweza kukua kweli. Kwa hiyo muulizeni daktari:

1. Hatua hii imepangwa kwa kipimo gani?
2. Saratani imefika wapi hasa?
3. Tiba ni ya kuponya au ya kupunguza maumivu?

Nendeni na ripoti zote za nyumbani, hasa ya kipimo cha kinyama. Ombeni mkalimani mtu mzima. Msimtwike mtoto habari hizi.

Hatua ya tatu ya saratani hii bado hutibiwa kwa nia ya kuponya, kwa mionzi pamoja na dawa. Msiache tiba kwa kuogopa namba.